Jinsi ya kupata wazo la bidhaa kwa mteja wako: tafuta pale alipojiongeza

Mwaka wa kwanza wa programu yetu ya kurekodi mauzo ya duka tulikuwa tunakaa ofisini tunabishana tuongeze nini. Mmoja anataka grafu za rangi, mwingine anataka risiti ya kuprinti, mi nilikuwa nang'ang'ania barkodi. Siku moja nikaenda Buzuruga, hapa Mwanza, kwa mama mmoja mwenye duka la vyakula, nilienda kumsaidia simu yake tu maana ilikuwa imejaa, nikafungua programu yetu humo ndani nikakuta orodha ya bidhaa zake imekaa hivi: Sukari kilo. Sembe nusu. Sabuni mche. Fundi kofia. Dada saluni. Mama mapacha. Mwl hesabu. Baba geti jekundu.

Nikamwambia mama, hawa nao ni bidhaa? Akasema hao ndo ninaowadai. Kumbe kila mdaiwa amemsajili kama bidhaa, bei ameweka deni lake, fundi kofia 3,500, dada saluni 12,000, halafu siku mtu akija kulipa mama "anamuuza", anabonyeza uza, deni linatoka kwenye orodha na hela inaingia kwenye mauzo ya siku hiyo, droo na simu zinalingana. Na ile sukari aliyomkopesha anaitoa stoo kwa kitufe cha "imeharibika" kwa sababu ndo njia pekee tuliyompa ya kutoa mzigo bila kupokea hela. Sisi ofisini kwenye taarifa tulikuwa tunaona sukari inaharibika sana kwenye maduka, tukadhani stoo zao zinavuja.

Nilikaa pale kwenye kreti ya soda kama saa nzima nikimwangalia tu. Daftari la madeni, kitu ambacho kila mangi analo chini ya kaunta, hatukuwahi hata kulitaja kwenye vikao vyetu, na mama alikuwa ameshalitengeneza mwenyewe ndani ya programu yetu kwa kuunganisha vitu ambavyo havikukusudiwa kabisa kazi hiyo.

Kwa hiyo ukiniuliza leo mawazo ya bidhaa yanapatikana wapi nakwambia tafuta mahali mteja alipojiongeza. Pale alipokitumia kitu chako kwa namna ambayo hukumwelekeza, alipokiunga na kamba, alipokizungusha. Mtu hahangaiki hivyo kama hana shida ya kweli, na mtu aliyehangaika mpaka akapata njia yake ameshakufanyia nusu ya kazi ya utafiti.

Tuliyojifunza kwa vocha na M-Pesa

Mfano mkubwa tunao hapa hapa kwetu. Kabla ya M-Pesa watu walikuwa wanatuma hela kwa vocha, mnakumbuka, unakwangua, unampigia mtu wa kijijini unamsomea namba, yeye anaipeleka kwa mwenye kibanda cha simu, mwenye kibanda anaingiza salio kwake anakata chake na kumpa yule mtu hela taslimu. Hakuna mtandao wa simu uliobuni hiyo, watu walijiongeza, Uganda walifanya, Ghana walifanya, Botswana walifanya, na watafiti wakaiona mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Halafu Oktoba 2005 Vodafone na Safaricom wakaanza majaribio Kenya, wakiongozwa na Nick Hughes na Susie Lonie, pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Lengo lilikuwa dogo tu, mwanachama wa kikundi cha mkopo apokee na arudishe rejesho lake kwa simu. Wateja hawakufika hata 500. Lakini wale wachache wakaanza mambo yao. Mtu anasafiri, anaweka hela kwa wakala huku na kuitoa kwa wakala wa kule anakokwenda ili asitembee na noti mfukoni. Wafanyabiashara wanalipana wao kwa wao. Wengine wanaiacha hela humo usiku kucha kwa sababu benki imeshafunga na duka la wakala bado liko wazi. Wengine wananunua salio kupitia M-Pesa na kumrushia ndugu wa shamba, yani ile ile ya vocha. Na wengine wanamlipia mwenzao rejesho yeye anawapa taslimu.

Sasa hapo ungeweza kuwa bosi wa kusema hawa wanatumia vibaya, wafungieni. Jamaa hawakufanya hivyo. Machi 2007 walipofungulia umma wote habari ya rejesho la mkopo waliiweka pembeni, ujumbe ukawa mmoja tu, tuma pesa nyumbani. Mwaka uliofuata Vodacom wakaileta Tanzania na haya tunayoishi leo unayajua.

Na ukiwa na sikio bado yapo mengine kwenye miamala ya simu. Mtu anaposema "tuma na ya kutolea" anakueleza kwamba anataka elfu kumi iwe elfu kumi mkononi, na mtumaji ndo anapiga hesabu ya makato kichwani. Sentensi kama hiyo ikirudiwa na watu mitaa tofauti, mikoa tofauti, bila kuambizana, iandike.

Namna ya kwenda kuangalia

Nenda kwenye sehemu yake ya kazi, kwenye muda wake wa kazi. Duka la mtaani ukienda saa nne asubuhi utamkuta mtu amepumzika anakupa stori nzuri, ila duka lenyewe utaliona saa kumi na mbili jioni mpaka saa mbili usiku, watoto wametumwa mafuta ya kupima, bodaboda anataka chenji, mtu anasema niandikie mama nitakupa J5. Hapo ndo utaona anabonyeza nini na anaacha kubonyeza nini. Na mwisho wa mwezi ni tofauti na tarehe 15, nenda zote mbili ukiweza.

Usivae fulana ya kampuni. Hili naliongea kwa uchungu. Sisi ni watu wa kupokea wageni, ukifika na fulana yenye nembo, umekaribishwa kiti, soda imefunguliwa, ukauliza "vipi mama programu yetu mnaionaje", utajibiwa nzuri tu mwanangu, inatusaidia sana, Mungu awabariki. Mtu mzima hawezi kukukatisha tamaa nyumbani kwake. Utarudi ofisini na mahojiano ishirini yote yanasema nzuri, na mwezi unaofuata kumi na tano kati yao wameacha kuitumia. Salimia vizuri, shikamoo yako isikosekane, sema ukweli kwamba umetoka kwenye ile programu na umekuja kujifunza kazi yake inavyoenda, omba kukaa, kisha nyamaza. Ukiweza kubeba hata kreti au kumpimia mtoto sukari, fanya hivyo, mazungumzo ya kweli yanatoka mkiwa mnafanya kazi.

Maswali yako yawe ya jambo lililotokea. "Ungependa tuongeze nini?" ni swali linalompa mwenzio mtihani, atabuni kitu ili asikuaibishe, na wewe utakwenda kukijenga. Muulize mara ya mwisho uliyomkopesha mtu ilikuwa lini, ilikuwaje, uliandika wapi, nionyeshe. Neno nionyeshe ndo lenye kazi. Akikuonyesha utaona na karatasi iliyobandikwa ukutani, na kalamu iliyofungwa kamba, na namba ya simu iliyoandikwa kwenye boksi la sigara, na kila kimoja kati ya hivyo ni kazi ambayo programu yako haikuifanya.

Mpige picha? Omba ruhusa kwanza, na ukiona madeni ya watu usiyatoe nje. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, lakini hata isingekuwepo, mtaa ule baba geti jekundu anajulikana.

Malalamiko usiyaache kwa watu wa kastama kea peke yao

Kampuni nyingi zina watu wanaopokea simu, kazi yao ni kufunga lalamiko haraka, na lalamiko likifungwa limekufa. Waambie waandike maneno ya mteja kama alivyoyasema. Akisema "inanila hela" usibadilishe kuwa "tatizo la makato", kwa sababu kwenye "inanila hela" kuna hisia ya kuibiwa na hiyo ndo unayotakiwa kuishughulikia.

Mfano ninaoupenda ni wa Haier, kampuni ya China ya mashine za kufulia. Mwaka 1996 mkulima mmoja wa Sichuan alilalamika mashine yake bomba la kutolea maji linaziba kila mara. Fundi alipofika akakuta bomba limejaa udongo, bwana yule alikuwa anaoshea viazi vitamu. Fundi wa kawaida angemwandikia kwamba umetumia kinyume na maelekezo, usiturudie tena. Wale wakampanulia bomba, halafu wakajiuliza wakulima wangapi wanaosha viazi kwenye mashine zetu, na 1998 wakatoa mashine ya kufulia nguo na kuosha viazi. Yani ombi la mteja lilikuwa "nitengenezeeni bomba", wazo la bidhaa lilikuwa ndani ya bomba.

Simu za laini mbili ni habari ile ile. Kupiga mtandao mwingine kulikuwa ghali, kwa hiyo mtu ana laini mbili tatu, moja iko kwenye simu, nyingine imeviringishwa kwenye kikaratasi nyuma ya betri, kila akitaka kumpigia mtu wa mtandao ule anazima simu, anafungua mfuniko, anabadilisha. Kampuni kubwa za simu za wakati ule zilikuwa zinaona hayo na kuyapita. Tecno wakaja na simu ya laini mbili na betri ya kukaa, na hadi leo mtaani ukisema Tecno hakuna anayekuuliza ndo nini.

Ombi na shida ni vitu viwili

Hapa ndo tulipoteza miezi miwili. Wenye maduka wengi waliomba neno la siri, wakituandikia kwenye WhatsApp, wakipiga simu, wekeni neno la siri. Tukaweka. Hawakulitumia, wengi walilizima wiki ya kwanza maana kijana wa dukani anashindwa kuuza bosi akiwa msibani. Nikarudi kuuliza kwa kufuata ushauri wangu mwenyewe, mama nionyeshe ni lini uliona unahitaji neno la siri. Akafungua bidhaa moja akanionyesha kidole, hapa, bei ya kununulia. Kijana akiona nanunua 2,100 nauza 2,600 anaanza kuhesabu faida yangu, kesho anaomba kuongezwa mshahara, keshokutwa anawaambia wateja. Shida ilikuwa mstari mmoja kwenye skrini. Tukauficha, ukitaka kuuona unaingiza namba nne, mambo mengine yote yako wazi kwa kijana. Kazi ya siku mbili.

Kwa hiyo mteja akikuletea suluhisho, lipokee kwa heshima, andika, kisha rudi nyuma hatua moja muulize ni siku gani hasa ulikihitaji, nini kilitokea siku hiyo. Usimwambie hajui anachotaka. Anakijua sana, anakisema kwa vitu anavyovijua, neno la siri analijua kwenye simu yake basi ndo akalitaja.

Uwaangalie kina nani

Kuna profesa wa MIT anaitwa Eric von Hippel ambaye mambo haya ameyachimba tangu miaka ya 1970. Mwaka 1976 alichapisha utafiti wa vifaa vya maabara akakuta karibu asilimia 80 ya maboresho makubwa yalibuniwa na kujaribiwa kwanza na watumiaji wenyewe, wanasayansi, kabla kiwanda hakijagusa. Baadaye akawapa jina la "lead users" wale watumiaji ambao shida imewafikia mapema kuliko wengine na wanafaidika sana ikitatuliwa, kwa Kiswahili mi nawaita waliotangulia. Hao ndo wa kuwatafuta. Kwetu walikuwa wenye maduka yanayokopesha sana, karibu na kambi za ujenzi na shule, maana wateja wao wanalipwa mwisho wa mwezi.

Angalizo, aliyetangulia siyo yule anayeongea sana kwenye grupu. Grupu letu la WhatsApp lilikuwa na kaka watatu waliokuwa wanaandika kila siku, mawazo mazuri, na tulikaribia kuijenga programu yote kwa ajili yao. Yule mama wa Buzuruga hakuwahi kuandika hata neno moja mle. Tafuta wanaotumia sana na kuongea kidogo, na wanaotumia kwa namna ya ajabu. Kama una data, chungulia sehemu zote ambazo mteja anaandika mwenyewe, majina ya bidhaa, maelezo, kisanduku cha kutafuta. Walichotafuta wakakosa ni orodha ya bure kabisa ya vitu vya kutengeneza. Baada ya siku ile tulipitia majina ya bidhaa kwenye maduka mengine, tuliyahesabu bila kumtaja mtu, tukakuta kina "fundi", kina "mama", kina "deni la" kibao.

Na kama huna programu wala data, una genge, saluni, kibanda cha chipsi, weka daftari pembeni ya kaunta, kila mtu akiulizia kitu huna, andika, usijibu tu "hamna" ukaendelea. Mwezi mmoja unatosha. Andika na ulivyoona wanafanya baada ya kukosa, kuna aliyeondoka na kuna aliyechukua kingine akakigeuza, huyu wa pili mfuatilie.

Jaribu kwa mikono kwanza

Tulipolipata wazo la madeni vijana wa programu walitaka kuanza kuandika kodi, yani yale maelekezo ya kompyuta, usiku ule ule. Tukakubaliana wiki mbili bila kodi. Tukachukua maduka sita, kila jioni mwenye duka ananitumia voisi, nani kakopa nini, mi naandika kwenye jedwali, asubuhi namtumia meseji ya orodha ya anaowadai. Kazi ya kuchosha, nakiri, ila tulijua mambo ambayo tusingeyajua kamwe.

Sisi tulipanga programu imtumie mdaiwa meseji ya kumkumbusha, tuliona ndo uti wa mgongo wa kitu chote. Wote sita wakakataa. Mmoja aliniambia ukimtumia meseji mama mapacha asubuhi mume wake akaiona, nimempoteza mteja na jirani. Deni mtaani lina aibu yake, linadaiwa kwa macho, kwa kuchelewesha chenji kidogo, kwa kusema "leo tunafanyaje dada". Walichotaka ni kukumbushwa wao, tena wakati ule ule mtu anaposimama kaunta, aone haraka huyu anadaiwa ngapi na ameahidi lini, maana akiwa na foleni anasahau anamkopesha tena. Kwa hiyo tulijenga kitu chenye herufi kubwa, unaandika "fundi" inakuja 3,500 na "aliahidi Ijumaa", basi. Meseji kwa mdaiwa haimo mpaka leo.

Na tuliacha watu waandikwe kwa majina yao ya mtaani. Tungeweka fomu ya jina la kwanza, jina la ukoo, namba ya simu, wangerudi kwenye daftari la karatasi siku hiyo hiyo.

Rudi useme asante, na ulipe inapobidi

Niliwahi kuipa kampuni moja wazo, niliwaandikia vizuri na picha, sikujibiwa, baada ya miezi nikakiona kitu chenyewe kimetoka. Inawezekana walikuwa nacho tayari, sijui, lakini sikuwaandikia tena. Mteja aliyekupa wazo mrudishie habari, hata kama hutalitumia mwambie sababu. LEGO, wale wa matofali ya kuchezea watoto, wana utaratibu wao, mtu anapeleka ubunifu wake, ukipata kura 10,000 kampuni inaupitia, na ukiingia sokoni mbunifu anapewa asilimia 1 ya mauzo halisi. Sisi hatuna ubavu huo, yule mama anatumia programu bure maisha yake yote na toleo jipya lolote linapita kwake kwanza, na akisema hapana tunasikiliza.

Wiki iliyopita nilikuwa napitia tena yale majina ya bidhaa. Kwenye maduka kadhaa kuna bidhaa inaitwa "mchezo", nyingine "mchezo J3", nyingine "kijumbe", bei 5,000 kila siku, na inatolewa stoo kwa kitufe kile kile cha "imeharibika". Ni hela ya upatu wanaitoa kwenye droo na hawana pa kuiandika. Jumatatu saa kumi na moja jioni nakwenda kukaa kwenye kreti tena.